SOMO LA HISTORIA: JUMBA LA MKAMA NDUME, PUJINI



Ukitoka Chake Chake kuelekea kusini-mashariki, mwendo wa kilomita 10 hivi, utafika Pujini. Hapo pana magofu ya jumba lililojengwa katika karne ya 15. Wazee wanasema mwenyewe aliitwa Mkama Ndume. Kukama ni kukamua maziwa. Yeye basi aliwakama wanaume wenziwe, kama mtu akamavyo ng'ombe!

Ujenzi wa zamani

Mafundi wa pwani yetu walijenga kwa vitu vya pwani. Walichonga mawe ya matumbawe kwa ajili ya kuta. Mengine waliyachoma kwa kuni yakawa chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo si ndefu sana, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za zamani ni vyembamba.

Pujini pana jambo la ziada. Jumba lilizungukwa na boma kubwa la udongo na mawe. Ndani kipo kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Ati Mkama Ndume alikuwa na wake wawili. Mmoja alishuka ngazi kuteka maji, mwingine aliteka kwa ndoo na kamba, ili wasionane.

Nani walibeba mawe?

Wazee husimulia kwamba watu walilazimishwa kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio, hawana ruhusa ya kusimama. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Adria LaViolette wa Marekani, walichimba hapo mwishoni mwa karne ya 20. Uchimbaji huonyesha ukuta ulivyojengwa na vyombo vilivyotumika. Lakini majina ya wabebaji haujayaonyesha. Habari za taabu yao zimekaa midomoni mwa wazee tu, na mzee akifa huenda nazo.

Tufanye nini?

Kwanza, tusichukue mawe ya magofu kujengea. Jiwe ni kama neno katika sentensi: ukiling'oa, maana inapotea. Pili, wewe sasa unajua kuandika. Chukua daftari, mwendee bibi au babu, uandike anayoyakumbuka.

Zoezi

1. Kwa nini vyumba vya zamani vilikuwa vyembamba?
2. Taja mambo mawili tunayoyajua kwa hadithi za wazee, na mawili kwa kutazama magofu.
3. Jadilini kikundini: kijijini kwenu kuna jengo gani la zamani? Nani walilijenga, na walilipwa nini?