Kipande cha ardhi mtaani kigeuze bustani ya maua ya porini

Kila mtaa una kipande cha ardhi kinachofyekwa mpaka kibaki vumbi: kando ya barabara, nyuma ya uzio wa shule, pembeni mwa uwanja. Kikipandwa maua ya porini, kitalisha nyuki na vipepeo bila kudai maji ya bomba kila jioni. Hata mita 2 kwa 5 zinatosha kuanzia.

1. Omba ruhusa kwa serikali ya mtaa au mwenye eneo. Chagua mahali penye jua.

2. Kusanya mbegu za kwenu. Marejea, kivumbasha, mgagani na kongwe hujiotea sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Tikisa ganda kavu la marejea: likilia kama kayamba, mbegu zimekomaa. Chuma chache kwa kila mmea, nyingine ziache porini. Zianike kivulini, uzihifadhi kwenye bahasha ya karatasi.

3. Ng'oa nyasi pamoja na mizizi yake, kisha sawazisha udongo kwa reki. Usitie samadi wala mbolea. Udongo ukinona, nyasi hushamiri na kuyameza maua.

4. Panda mvua za vuli au masika zinapoanza. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zienee sawasawa, zitawanye, kisha zikanyage taratibu. Usizifukie chini sana, kwani nyingi ni ndogo mno.

5. Gugu karoti ling'oe kabla halijachanua, ukiwa umevaa glavu. Huwasha ngozi na kuwabana pumzi wenye mzio, na mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu.

6. Fyeka eneo lote mara moja kwa mwaka, mbegu zikishadondoka, na majani makavu yaondoe. Ila ukanda wa mita moja kando ya njia ufyeke mara kwa mara, wapita njia wasihofie nyoka.

Majirani wakihofia mbu, waeleze kwamba mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Okoteni pamoja makopo, vifuu na matairi.

Maua yakianza, nenda asubuhi. Kongwe hufungua ua lake la buluu mapema na kulifunga jua likifika utosini, na nyuki huliwahi. Wapeleke watoto waone. Na mbegu anza kukusanya sasa, mvua zijazo zisikukute mikono mitupu.