Kinga ya mtoto mwenye uvimbe kwenye ubongo: tuipandishe au tuishushe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 7 amefanyiwa upasuaji wa uvimbe nyuma ya kichwa. Kinyama kilichopelekwa maabara kimeonyesha ni meduloblastoma, na tumepangiwa mionzi. Shemeji yangu ametumiwa ujumbe kwenye simu unaosema seli za kinga za ubongo ndizo zinazoulisha uvimbe. Jirani naye ananihimiza ninunue unga wa kupandisha kinga, kopo moja shilingi 85,000. Nimsikilize nani? Na je, mdogo wake yuko hatarini? – Mama D., Morogoro

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa kuuguza. Unga usinunue, ujumbe usikutishe, na mionzi usiichelewe. Sababu zake ni hizi.

Ujumbe wa shemeji una ukweli, ila ni ukweli nusu. Ubongo una seli zake za kinga, zinaitwa mikroglia. Aliyezitambulisha ni Mhispania Pío del Río Hortega, mwaka 1919. Seli nyingi za kinga hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa na kusafiri na damu. Mikroglia hazitoki huko. Huzaliwa mimba ikiwa changa kabisa, zikahamia kwenye ubongo unaoanza kuumbika, zikabaki humo. Kila moja ina vitawi vyembamba visivyotulia, vinavyopapasa huku na huku. Vikigusa kijidudu au seli iliyokufa, mikroglia huimeza.

Kwa mtoto zina kazi nyingine kubwa: kupunguza viungio vya neva visivyohitajika na kutoa kemikali zinazosaidia seli changa kuishi na kukua. Hapo ndipo uvimbe wa utotoni unapopata mwanya. Meduloblastoma huanzia kwenye seli changa za ubongo wa nyuma ambazo zilipaswa kukomaa na kuacha kugawanyika, lakini hazikuacha. Ni kama mtu aliyejipachikia kibanda kwenye kiwanja cha wenyewe huku mafundi wangali kazini: saruji ikishushwa, naye anachota.

Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwa panya kwamba uvimbe wa aina hii unaweza kuzifanya mikroglia zitoe IGF1, kemikali ya ukuaji, nao ukastawi. Ushahidi ungeishia hapo, shemeji angekuwa sahihi. Lakini mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine wa panya, nao wa meduloblastoma, ulikuta kinyume: seli za kinga zinazoingia kutoka kwenye damu zilipopunguzwa, uvimbe ulikua kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kinga ndani ya ubongo si kitu cha kupandisha wala kushusha. Cha maana ni seli ipi, iko wapi, na imeelekezwa kufanya nini. Hakuna unga wa kopo unaoweza kuielekeza.

Tena kuichochea kinga ndani ya fuvu si jambo la mzaha. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kinajaribu kuwatibu wagonjwa wenye glioma ya shina la ubongo na ya uti wa mgongo, saratani kali mno, kwa seli zao wenyewe za kinga zilizorekebishwa maabara. Taarifa ya mwaka 2024 ilihusu watoto na vijana 11. Wanne uvimbe wao ulipungua kwa zaidi ya nusu, na mmoja kati yao ukatoweka kabisa. Ni habari ya kutia moyo sana. Lakini seli hizo zikianza kupambana, ubongo huvimba, na fuvu halitanuki. Ndiyo maana wagonjwa hao hulindwa kwa karibu hospitalini. Hata mwanao, ikiwa anapewa deksamethasoni, anapewa ili kutuliza kuvimba kwa ubongo kwa namna hiyo. Usiikatishe ghafla bila daktari.

Unga wenyewe una hatari nyingine. Baadhi ya mitishamba hubadilisha kasi ya ini kuondoa dawa mwilini, hivyo dawa ya saratani ikapungua nguvu au ikageuka sumu. Kama ameshaonja, beba kopo uwaonyeshe madaktari wake. Usione aibu, hawatakugombeza. Chakula kizuri anakihitaji: uji, maharage, mayai, matunda. Hicho ndicho kinachompa nguvu ya kustahimili matibabu.

Sasa mionzi. Baada ya upasuaji wa meduloblastoma, mionzi inatakiwa ianze ndani ya wiki 4 hadi 7. Kuchelewa zaidi ya hapo hupunguza nafasi ya kupona. Penye matibabu kamili ya upasuaji, mionzi na dawa, takriban watoto 8 kati ya 10 ambao uvimbe wao ni wa hatari ya kawaida huwa hai miaka 5 baadaye. Hizo 85,000 ni nauli yenu ya kwenda na kurudi kliniki.

Kuhusu mdogo wake, uvimbe mwingi wa ubongo kwa watoto haurithiwi. Hata hivyo mkague ngozi. Madoa 6 au zaidi ya rangi ya chai ya maziwa, kila moja likizidi milimita 5, yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kurithi uitwao NF1, unaoweza kuleta uvimbe kwenye neva ya jicho. Akiwa nayo, apimwe macho. Na kwa mtoto yeyote, kichwa kinachouma alfajiri, kutapika asubuhi bila kuharisha, kuyumba anapotembea, kengeza lililoanza karibuni, au kichwa cha mtoto mchanga kinachokua haraka kuliko kawaida ni mambo ya kupeleka hospitali. Kutapika kwa namna hiyo mara nyingi hudhaniwa ni malaria. Kipimo cha malaria kikiwa safi na kutapika kukiendelea, omba daktari amchunguze macho na mwendo, na uulizie picha ya kichwa.

Mama D., kesho piga simu kliniki uthibitishe tarehe ya mionzi. Wakiisogeza, uliza sababu siku hiyo hiyo, na usikate simu kabla hujapewa tarehe mpya.