Mwendo wa Mtoto na Muhogo Mchungu: Kijitabu kwa Wazazi wa Katito na Nyakach

Mzazi amwonapo mwanawe aliyelala mzima akiamka na miguu iliyokakamaa, magoti yakisuguana na vidole vikiburura mchanga, aghalabu hudhani ni kijicho cha jirani au laana ya ukoo. Nasi hatumlaumu, kwa kuwa maradhi yajayo ghafula namna hiyo hutia hofu hata nyoyo za wajuzi. Lakini yako maradhi ya sura hiyo ambayo sababu yake ilikwisha kuchunguzwa, tena si mbali, bali ng'ambo ya mpaka, katika nchi ipakanayo na ziwa hili hili letu.

Mwaka 1985, ukame ulipoibana wilaya ya Tarime, Tanzania, watu walipooza miguu kwa ghafula, na matabibu Howlett na Brubaker, pamoja na Mlingi na Rosling, wakayafanyia utafiti walioutangaza mwaka 1990, wakabainisha kwamba ni konzo, maradhi ambayo Trolli alikwisha kuyaeleza huko Kongo mwaka 1938. Huwapata zaidi watoto waliopita miaka 3 na wanawake wa umri wa kuzaa. Tabibu humtaka mtoto atembee, kisha akimbie uani, kwani aliyeathirika kidogo huweza kuonekana mzima akitembea, ila mbio humfichua. Halafu humkalisha miguu ikining'inia, akamgonga chini ya kilegesambwa kwa nyundo ya mpira, na mguu huruka kupita kawaida, wa kulia na wa kushoto sawasawa.

Asili yake ni muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Ndani yake mna sumu ya sianidi, ambayo kuroweka siku 3 au zaidi na kuanika vyema huipunguza. Lakini njaa haimpi mama wasaa, naye hufupisha siku kwa kuwa watoto wanalia, jambo ambalo hakuna mwenye huruma awezaye kuliita uzembe. Mwili huihafifisha sumu hiyo kwa salfa itokanayo na protini, ndiyo maana huumia zaidi wale walao muhogo mtupu kwa majuma mengi mfululizo. Basi omena na maharagwe visikose mezani, hata kwa kiasi kidogo.

Ikiwa unga umekwisha kusagwa na una shaka nao, uchanganye na maji, uutandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha upike ugali siku iyo hiyo. Njia hii, aliyoibuni Bradbury wa Australia, ilijaribiwa katika vijiji vya Kongo vilivyokuwa na konzo, na wagonjwa wapya hawakutokea.

Aliyekwisha kupooza hatapona kabisa, ila maradhi hayazidi. Mazoezi na mkongojo humsaidia, na nafasi yake shuleni ni haki yake.

Iwapo lakini kiungo cha mtoto aliye chini ya miaka 15 kimelegea ghafula badala ya kukakamaa, yamkini ni polio: mwarifuni muuguzi wa kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani sampuli 2 za choo, zipishanazo kwa saa 24 au zaidi, sharti zichukuliwe ndani ya siku 14 tangu kulegea.