Kabla ya Kuchimba Karo la Nyumba Yako

Watu wengi wanaojenga Dar es Salaam huanza kulifikiria karo nyumba ikiwa imeshaezekwa, pesa imepungua na fundi anasubiri kuonyeshwa pa kuchimba. Anaambiwa "hapo nyuma," kwenye kona iliyobaki. Mara nyingi kona hiyo ndiyo iliyo karibu na kisima cha jirani, au ndiyo ambayo gari la majitaka haliwezi kuifikia kwa sababu nyumba imeziba njia. Karo lipangwe siku ile ile unayoamua nyumba ikae wapi, kwani sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanywa na udongo wa kiwanja na maji yaliyo chini yake. Hayo hakuna muuzaji wa tangi anayeweza kuyabadilisha.

Kama bomba la majitaka la mamlaka ya maji linapita mtaani kwako, omba kuunganishwa, na suala lako limekwisha. Sehemu kubwa ya jiji haina mtandao huo, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba karo halisafishi majitaka, linayatenganisha tu. Vizito hutua chini vikawa tope, mafuta huelea juu, na bakteria wasiohitaji hewa huozesha sehemu ya uchafu huo. Maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Hata yakionekana safi machoni, maji hayo yamejaa vimelea vya magonjwa, na kazi ya kuviondoa hufanywa na udongo yanapopenya polepole. Kwa hiyo upime udongo kwanza.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu kutoka mbali. Chimba kishimo chenye upana wa sentimita 30, kwenye kina ambacho shimo lako litanyonyea. Kwangua kuta zake ili kufungua matundu ya udongo yaliyozibwa na jembe. Kijaze maji jioni, ukiache kilowane usiku kucha. Asubuhi jaza tena, simika kijiti chenye alama, kisha pima kila nusu saa maji yameshuka kiasi gani, mpaka vipimo vianze kulingana. Kwenye kichanga utakuwa unajaza tena na tena. Kwenye mfinyanzi unaweza kunywa chai ukarudi na alama haijasogea. Chukua pia udongo kidogo, uulowanishe na kuuvingirisha viganjani: ukitoa uzi mrefu mwembamba usiokatika, huo ni mfinyanzi.

Sasa piga hesabu. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, hutoa lita 600. Kwa makadirio yanayotumika sana, mita moja ya mraba ya ukuta wa shimo hupokea karibu lita 50 kwa siku kwenye mchanga, lita 25 kwenye tifutifu na 10 tu kwenye mfinyanzi ulioshikana. Chini ya shimo usikuhesabu, maana huziba mapema. Shimo la duara lenye upana wa mita 2 lina takriban mita 6.3 za mraba za ukuta kwa kila mita ya kina. Kwenye mchanga, basi, familia hii inahitaji kina kisichozidi mita 2 kuanzia pale bomba linapoingilia. Kwenye tifutifu inahitaji karibu mita 4. Kwenye mfinyanzi hesabu inapita mita 9, na hapo usimruhusu fundi akuchimbie shimo moja refu kwa kuwa ndivyo alivyofanya kwa jirani. Kama una eneo, afadhali mifereji mirefu ya kina kifupi iliyojazwa kokoto, ikipokea maji kwa zamu ili mmoja upumzike.

Maji ya chini ya ardhi yana neno lao pia. Mikocheni, Msasani na kando ya bonde la Msimbazi, maji hayako mbali, na wakati wa masika hupanda zaidi. Anayenunua kiwanja Septemba huona shimo kavu, akafurahi. Chungulia kisima cha mtaa mwezi Aprili, au uulize wenyeji maji hufika wapi mvua zikikolea. Kati ya chini ya shimo la kunyonya na maji hayo pawe na udongo mkavu wa angalau mita 1.5. Pasipokuwa na nafasi hiyo, majitaka yanaingia moja kwa moja kwenye maji ya visima.

Mahali pa namna hiyo pana njia mbili, na zote zina gharama. Ya kwanza ni tuta la mchanga lililoinuliwa juu ya ardhi, ambalo majitaka hupelekwa kwa pampu. Ya pili ni tangi lisilovuja, la kunyonywa na gari kila likijaa. Kwa familia ile ile, tangi la lita 10,000 hujaa kwa siku 16 hivi. Uliza bei ya safari moja ya gari, zidisha kwa mwaka, ndipo uamue. Wanaoshindwa na gharama hizo ndio husubiri mvua kubwa wakatapisha choo barabarani. Tendo hilo linaniudhi kuliko lolote katika suala hili, kwa sababu watoto wa jirani ndio wanaokanyaga maji hayo. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoa mingi, nacho ni ugonjwa unaosafiri kwa kinyesi kilichoingia kwenye maji na chakula.

Matangi ya plastiki ni mepesi kusimika, lakini kwenye maji mengi ya chini yanaweza kuelea yakinyonywa, yasipofungwa kwenye zege. Baiodaijesta, yaani matangi ya kuozesha majitaka, nazo zinasifiwa kuwa hazijai kamwe. Usinunue ahadi hiyo. Tope hujikusanya humo pia, na maji yanayotoka bado yanataka pa kunyonywa.

Karo la tofali au zege la familia ya watu 6 liwe na lita 2,500 hadi 3,000. Hesabu ya kawaida ingekupa pungufu, lakini nyumba zetu hupokea wageni wa harusi na msiba. Liwe na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili, na mabomba ya kuingilia na kutokea yawe na umbo la T ili mafuta yasipite. Maji ya mvua yasielekezwe humo. Tope litolewe kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Umbali kati ya kisima na shimo la kunyonya uwe angalau mita 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kutoka kona hadi kona, kina mita 28 tu. Maana yake huwezi kuwa na vyote viwili, na kisima cha jirani lazima ukihesabu. Kwenye mwamba wa matumbawe, kama maeneo mengi ya Unguja, hata mita 30 hazitoshi, kwa kuwa maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa.

Mtu asiingie ndani ya karo lililotumika, hata kumwokoa aliyeanguka. Hewa ya humo huua haraka, na mwokoaji huwa wa pili kufa.

Karo likishapigwa plasta, usikubali lifukiwe siku hiyo. Lijaze maji mpaka usawa wa bomba la kutokea, uliache kutwa nzima plasta inywe, kisha ongeza yaliyopungua, weka alama ya chaki na urudi kesho yake. Maji yakiwa yameshuka, fundi arudi ndani kabla hujamlipa sehemu iliyobaki.