Saa ya Luano na saa ya N'djili

Tuchukue rula na karte ya inchi yetu, ile ya 1/10 000 000. Toka uwanja wa ndege wa Luano (Lubumbashi) mpaka N'djili (Kinshasa) tunapima karibu sm 15,5, ni kusema km 1 550 kwa mstari ulionyoka. Tuseme ndege inaenda km 800 kwa saa: 1 550 : 800 = saa 1 na dakika 56 hivi. Tuongeze dakika 20 za kupanda na kushuka: saa 2 na robo.

Hapo ndipo wengi wanaanguka. Ndege inatoka Luano saa ine ya asubuhi, itafika saa ngapi? Wanajibu: saa sita na robo. Ndiyo, kwa saa ya Lubumbashi! Kinshasa iko nyuma saa moja. Kule ni saa tano na robo. Na sisi wa mwaka wa sita, wamoja wetu watapanda ndege hiyo kwa kwenda universite. Ukimwambia baba mdogo aje saa sita na robo, utasimama inje na valizi saa nzima, na mji hauujui.

Kurudi ni kinyume: kutoka saa nane, kufika saa kumi na moja na robo. Njia haikurefuka hata kidogo.

Sababu? Dunia inazunguka degre 15 kwa saa. Kati ya miji hii miwili kuna degre 12 za longitudi: 12 : 15 × 60 = dakika 48. Jua lenyewe linachelewa dakika 48 tu. Zile 12 zingine ni watu waliziongeza.