Nikianguka Hapa, Nani Atajua? Kupanga safari ndefu ya pikipiki katika njia za vijijini



Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia safari ndefu za pikipiki katika barabara za vumbi, za mchanga na vijia vya porini. Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya fundi na askari wa usalama barabarani, muuguzi yamemhusu nini? Yanamhusu kwa sababu safari iliyopangwa vibaya huishia wodini.

Siku hizi pikipiki si chombo cha kwendea sokoni tu. Siku za sikukuu vijana wa Mtwara mjini huongozana kwenda kutazama bahari Msimbati. Wageni hutoka Dar es Salaam na hata nchi za mbali, wakitaka kufuata bonde la Ruvuma, kisha wapande Newala na kuteremkia Masasi. Makatekista, wahudumu wa afya na wanunuzi wa korosho nao hupita njia hizo hizo kwa kazi. Hatusemi watu wasisafiri. Tunasema wajipange, na katika kujipanga liko jambo moja lililo kubwa kuliko mengine yote.

Muda ndio unaoua

Mara nyingi majeruhi hauawi na kule kuanguka peke yake. Anauawa na muda mrefu unaopita kati ya kuanguka na kupata msaada. Mfupa wa paja ukivunjika, damu lita moja au zaidi inaweza kuvuja ndani ya mguu bila hata tone kuonekana nje. Katika barabara ya lami gari litapita. Katika kijia cha mikorosho, mchana wa jua kali, huenda asipite mtu kwa saa nzima.

Jambo hili wamisionari walilijua zamani. Mwaka 1925 Padre Otto Fuhrmann aliugua na kufariki katika nchi ambayo leo ni Namibia, mbali na tabibu na bila usafiri wa haraka. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliumizwa sana na kifo hicho, na mwaka 1927 alianzisha Ujerumani shirika la MIVA la kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Leo pikipiki tunazo, lakini umbali uko pale pale. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha injini, kila msafiri ajiulize juu ya kila kipande cha njia yake: nikianguka hapa, nani atajua, na nitafikaje hospitali?

1. Igawe njia katika vipande

Chukua karatasi. Kwa kila kipande andika kilomita, mahali pa kupata maji na petroli, zahanati au hospitali ya karibu, na kama simu inashika. Tutoe mfano wa mzunguko wa kwetu.

Mtwara hadi Msimbati, kupitia Madimba. Hapa adui ni mchanga. Gurudumu la mbele huzama ghafla na dereva hurushwa juu ya usukani. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo mgeni aulize taratibu na ada za kuingia. Anayetaka kuendesha ufukoni awaulize wavuvi saa za maji kujaa na kupwa. Akiumia, msaada mkubwa uko nyuma yake, Mtwara mjini, ambako kuna Hospitali ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo.

Kuelekea Kilambo na bonde la Ruvuma. Mto huu una mamba na viboko. Usioge, usioshe pikipiki wala usichote maji ukingoni mahali usipopajua. Anayekusudia kuvuka Kilambo ahakikishe kwanza kama kivuko kinafanya kazi siku hiyo, kwa maana kina cha maji hubadilika. Tukumbuke pia kwamba tangu Oktoba 2017 kumekuwa na mashambulizi ya watu wenye silaha katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa. Kwa hiyo pata kwanza ushauri wa polisi na uhamiaji, na ukifika kijijini jitambulishe kwa mtendaji. Kujitambulisha kuna faida mbili: unaaminiwa, na tayari yupo mtu anayejua kwamba umepita.

Uwanda wa juu wa Makonde: Tandahimba na Newala. Huku maji ni ya shida tangu zama za mababu. Beba ya kwako, usitegemee kisima cha watu wanaochota kwa foleni. Kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza salfa katika mikorosho, na vumbi lake huwasha macho na kubana kifua. Vaa miwani na funika pua. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta. Tandahimba na Newala zina hospitali za wilaya.

Masasi na Mtambaswala. Masasi ni mahali pazuri pa kulala, kujaza petroli na kumwona fundi. Hospitali ya Ndanda haiko mbali sana, katika barabara ya kuelekea Lindi na Mtwara. Anayekwenda Msumbiji hufika Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, penye Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililozinduliwa mwaka 2010. Ushauri tulioutoa juu ya usalama ng'ambo unahusu huku pia.

Ukimaliza kuandika, tazama karatasi yako. Kipande kisicho na zahanati, simu wala maji ndicho cha kupita asubuhi, mkiwa wawili au zaidi, kwa mwendo wa polepole.

2. Chagua majira na saa

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na wakati mwingine Mei. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini ya Msumbiji, jirani kabisa na sisi. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, hata barabara kuu ya Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga. Ikiwa barabara kuu inakatika, kijia cha bondeni kitasalimika? Safari kama hii ifanywe kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Kijito chenye maji yaendayo kasi usikivuke kwa kubahatisha. Subiri au rudi.

Kuhusu saa, ondoka kukipambazuka, na ifikapo saa 10 jioni uwe umefika mahali pa kulala. Usiku mashimo, mbuzi na baiskeli zisizo na taa havionekani, na majeruhi wa usiku hupatikana asubuhi.

3. Uandae mwili

Wiki chache kabla ya safari hakikisha una kinga ya pepopunda, kwani kidonda chenye udongo ndicho mlango wake. Mwenye kisukari au shinikizo la damu abebe dawa za kutosha na siku mbili za ziada. Mwenye kifafa asiendeshe. Anayetumia dawa zinazoleta usingizi, kama vile Piriton za mafua, naye asiendeshe mpaka nguvu ya dawa iishe. Pombe, iwe ya dukani au ya mabibo, haina nafasi katika safari hii. Usiku lala ndani ya chandarua.

Kunywa maji kidogo kidogo kabla ya kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Kila baada ya saa mbili shuka, nyoosha mgongo, kula kitu. Ukiona unapiga miayo, au hukumbuki kijiji ulichopita sasa hivi, huo ni usingizi. Simama.

Kofia ngumu si ya kumridhisha askari. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Ifungwe kidevuni, na abiria awe na yake. Viatu vifunike vifundo vya miguu, na suruali iwe nzito. Bomba la moshi limewaunguza wengi ndama ya mguu kwa sababu ya kaptura.

4. Pikipiki na mzigo

Shirika la Riders for Health, linalowasaidia wahudumu wa afya wa Afrika kutumia pikipiki, lilizaliwa baada ya waanzilishi wake kuona, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyombo vya huduma ya afya vimelala vibovu kwa kukosa matunzo tu. Somo lao ni kukagua kabla hakijaharibika. Kila asubuhi tazama tairi, breki, mnyororo, oili, taa na nati. Beba tyubu, vifaa vya pancha, pampu, plagi, waya wa klachi na spana. Ukipunguza upepo wa tairi kwa ajili ya mchanga, urudishe kabla ya barabara ngumu. Baada ya ufukoni, osha chumvi kwa maji baridi.

Petroli ya akiba iwe katika chombo chake, kamwe si katika chupa ya maji ya kunywa. Usiivute kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia mapafuni huleta homa mbaya ya mapafu. Aliyemeza asitapishwe, afikishwe hospitali.

Katika mfuko wa huduma ya kwanza weka glavu, bendeji pana, shashi safi, kitambaa cha pembetatu, sabuni, mkasi, tochi, dawa ya maumivu na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Pakiti zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa usawa wa kijiko.

5. Ajali ikitokea

Kwanza zuia ajali ya pili: zima injini, weka matawi barabarani. Kisha:

Damu inayotoka, ikandamize kwa kitambaa safi bila kuachia. Mguu uliovunjika, ufunge na kijiti au na mguu mzima, usiuvute. Pa kuungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba wala kunyonywa sumu. Atulie, apelekwe.

Aliyeumia shingo au mgongo asikalishwe. Wala asipakiwe mshikaki katikati ya wawili juu ya pikipiki, kwani anayeweza kupona hupooza njiani. Tafuteni gari, au mlazeni juu ya kitanda au mlango na kumbeba amenyooka. Kofia isivutwe kwa nguvu, isipokuwa hawezi kupumua.

Yako majeraha yasiyoonekana. Aliyegongwa tumboni na usukani anaweza kutembea na kucheka, kumbe bandama inavuja. Akianza kupauka, kutoka jasho baridi au kuumwa tumbo, apelekwe upesi, asile kitu. Aliyepoteza fahamu hata kidogo, anayetapika, anayesinzia au kutokwa na maji masikioni, naye asiachwe alale nyumbani.

Wengine hucheleweshwa wakitafuta fomu ya polisi, PF3. Mahututi afikishwe hospitali kwanza, fomu itafuata.

6. Mwachie mtu karatasi

Nakala ya karatasi yako ya vipande ibaki kwa mtu mmoja nyumbani, pamoja na saa utakayopiga simu kila jioni. Mkubaliane kabisa: ikipita saa fulani bila simu, ampigie nani kwanza, kijiji gani. Na wewe mfukoni uwe na kadi yenye jina, namba ya ndugu, maradhi uliyonayo na dawa zinazokudhuru. Mgonjwa asiyeweza kusema husemewa na kadi hiyo.

Karatasi na kadi hazigharimu hata nauli ya kwenda Mikindani, lakini hupunguza zile saa tulizosema ndizo zinazoua. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujadiliana

1. Kutoka kwenu hadi hospitali, ni kipande gani cha njia kisicho na simu wala nyumba? Nani kati yenu hukipita peke yake?
2. Ajali ikitokea leo kijijini, ni gari la nani litakalombeba majeruhi akiwa amelala? Mmekwisha kuzungumza naye?
3. Je, kuna desturi ya kupakia majeruhi mshikaki? Mtaiachaje?