Somo la Ufadhili: Kumfikisha Mchezaji Mwenye Ulemavu Uwanjani

Kila msimu wa michezo unapokaribia, wapo wafanyabiashara, vikundi na taasisi katika Kata ya Kibaoni na kata jirani wanaouliza: tunawezaje kuwafadhili wachezaji wenye ulemavu? Swali hilo ni la heri, na jibu lake linahitaji tafakuri. Ufadhili wa kombe na fulana huonekana siku moja. Ufadhili unaomtoa mchezaji nyumbani na kumfikisha uwanjani hudumu.

Msingi wa haki

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Ibara ya 30 ya Mkataba huo inataka watu wenye ulemavu washiriki utamaduni, burudani na michezo kwa usawa na wengine. Kwa hiyo, anayefadhili mchezo huu hatoi sadaka. Anasaidia kutekeleza haki.

Ni vema pia kuondoa mkanganyiko mmoja. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni mtaji wa shughuli za uzalishaji na hurejeshwa. Hazikuwekwa kwa ajili ya kununua mipira au kulipa nauli za wachezaji. Pengo hilo ndilo mfadhili anaweza kuliziba.

Mfano wa nyumbani

Oktoba 2022, timu yetu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilicheza Kombe la Dunia jijini Istanbul, Uturuki, ikafika robo fainali. Katika mchezo huo kila upande huwa na wachezaji 7. Wachezaji wa ndani hucheza kwa mguu mmoja wakitumia magongo mawili, na kipa hudaka kwa mkono mmoja. Gongo haliruhusiwi kuuchezea mpira. Mchezaji wa namna hiyo haanzi siku ya fainali. Huanza kijijini, katika uwanja wa vumbi, akiwa na magongo yanayomfaa na mtu wa kumfundisha.

Wala si lazima kuanza na umati. Mwaka 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde kwa majeruhi wa vita 16 waliotumia viti mwendo. Kutoka kwa watu hao 16 ilizaliwa michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1960.

Kila ulemavu na hitaji lake

Kosa la kawaida ni kununua kifaa kabla ya kumuuliza atakayekitumia. Anayetumia kiti mwendo anahitaji njia isiyo na mchanga mwingi na choo anachoweza kuingia. Kiziwi anahitaji mwamuzi anayepunga bendera pamoja na kupuliza filimbi, na mkalimani wa lugha ya alama. Wasioona hucheza mpira wa goli kwa mpira wenye njuga ndani. Hapo watazamaji hunyamaza ili mlio usikike. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mafuta ya kumkinga na jua na ratiba ya asubuhi au jioni. Mahitaji mengine, kama ratiba nzuri na ukimya wa watazamaji, hayagharimu hata shilingi.

Zoezi la hesabu

Tuseme mfadhili ana shilingi 500,000 kwa ajili ya wachezaji 10 wanaotumia magongo. Bei zifuatazo ni za mfano tu:

- Nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi, 5,000 kwa kila mchezaji, mazoezi 4: 200,000
- Jezi 10 za 15,000: 150,000
- Raba 20 za ncha za magongo, za 3,000: 60,000
- Maji na chakula cha mazoezini: 90,000

Zingatia kuwa fungu kubwa kuliko yote ni nauli. Mfadhili akiiondoa ili anunue kombe kubwa, jezi zitakuwapo lakini wa kuzivaa watabaki majumbani. Raba nazo zinaonekana kitu kidogo, ila gongo lenye ncha iliyolika huteleza na kumwangusha mchezaji.

Hatua za kufuata

Kwanza, zungumza na wachezaji wenyewe, na kwa watoto, wazazi au walezi wao. Pili, muone Afisa Mtendaji wa Kata, akuunganishe na Afisa Michezo na Afisa Ustawi wa Jamii. Tatu, andika barua inayotaja kiasi, muda na matumizi. Nne, ikiwa unachangia fedha kupitia halmashauri, omba namba ya kumbukumbu ya malipo na udai stakabadhi. Usimkabidhi mtumishi fedha mkononi. Tano, usipige wala kusambaza picha ya mchezaji bila ridhaa yake.

Maswali ya kujipima

Je, mchezaji wako atafikaje uwanjani? Nani alimuuliza anachohitaji? Baada ya siku ya mashindano, mazoezi yataendelea? Mfadhili mwenye majibu ya maswali haya matatu yuko tayari kuanza, hata kwa mchezaji mmoja.